Herufi Zinazocheza: Fonti ya Mchoro wa Mkono na Mtihani Wake wa Kiswahili

Liandike neno MAANDAZI kwa fonti yoyote inayojifanya imechorwa kwa mkono, kisha zitazame A zake tatu. Ikiwa zote zimeinama upande uleule, zina uvimbe uleule kwenye mguu wa kushoto na kipengo kilekile cha wino pale juu, mchezo umekwisha. Msomaji anajua, hata asipoweza kueleza amejuaje, kwamba mashine imegonga muhuri mara tatu. Mkono wa mtu haurudii herufi. Mchora mabango akiliandika neno hilo kwa brashi juu ya mlango wa mgahawa, atatoa A tatu za ukoo mmoja, kila moja na sura yake.

Kiswahili huianika kasoro hiyo haraka, kwa sababu kinarudia herufi mno. Irabu mbili hukaa pamoja: saa, kioo, mzee, jogoo. Upatanisho wa kisarufi huivuta herufi ileile kutoka neno hadi neno: kikapu kikubwa kile kilichokatika. Herufi a ndiyo imejaa kila mahali. Fonti nyingi za namna hii zinazopatikana mtandaoni zilijaribiwa kwa maneno ya Kiingereza. Ukiziweka kwenye bango la Kiswahili, pambo lililokusudiwa kuonekana mara mojamoja linajitokeza kila baada ya herufi mbili. Kwa hiyo anayechagua fonti kama hii, na zaidi anayeitengeneza, hana budi kuipima kwa maneno yetu wenyewe.

Fonti ya vichwa na fonti ya kusomea

Fonti ya maandishi marefu hufanya kazi yake vizuri pale msomaji anapoisahau. Fonti ya vichwa hufanywa ionekane: maneno mawili hadi manane hivi, kwa ukubwa wa pointi 24 kwenda juu, kwenye jalada, bango, pakiti au fulana. Ukiishusha chini ya pointi 18, mikwaruzo na kingo zilizochongoka huanza kuziba matundu ya a, e na o, na kile kilichokuwa uchangamfu kinakuwa uchafu wa wino. Aya nzima ya fonti ya mkono inachosha hata ikiwa kubwa, kwa kuwa jicho linaitazama kila herufi badala ya kulipita neno.

Comic Sans inafundisha jambo hili vizuri. Vincent Connare aliichora mwaka 1994 akiwa Microsoft, baada ya kuona toleo la majaribio la Microsoft Bob, programu ambamo mbwa wa katuni aliongea ndani ya puto la maneno, lakini maneno yenyewe yaliandikwa kwa Times New Roman. Aliona haviendani kabisa, akachora herufi zinazofuata mwandiko wa vitabu vya katuni. Haikuwahi kuingia Bob, ila ilikuja kusambazwa pamoja na Windows, na tangu hapo ikawa kwenye kompyuta za kila ofisi. Ilichorwa kwa ajili ya puto la maneno kwenye skrini hafifu za wakati ule. Watu wakaiandikia matangazo ya ofisi, barua za mashtaka na mawasilisho ya kisayansi. Tarehe 4 Julai 2012, matokeo ya chembe ya Higgs yalipotangazwa huko CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva, slaidi za kundi moja la watafiti, ATLAS, zilikuwa za Comic Sans, na gumzo kuhusu fonti likasikika duniani kote. Kwa maoni yangu, fonti yenyewe inaonewa. Ni rahisi kusoma, a yake ni ile ya duara na mguu anayofundishwa mtoto darasani, na Chama cha Disleksia cha Uingereza huitaja miongoni mwa fonti zinazowafaa wasomaji wenye tatizo hilo la kusoma. Kasoro yake halisi iko kwingine: katika ile fonti ya kawaida ya Windows kila herufi ina umbo moja tu, hivyo a mbili za "saa" ni nakala tupu.

Nini kicheze, nini kitulie

Wanaoanza kuchora huyumbisha kila kitu kwa pamoja: unene, urefu, mwinamo, nafasi. Kinachotoka ni fujo. Fonti nzuri ya mkono huchagua mambo mawili au matatu ya kuyaachia, na mengine huyashika barabara.

La kushika kwanza ni unene wa mstari. Kila herufi ya fonti hukaa ndani ya mraba uliogawanywa kwa vipimo vidogo, vizio. Faili za fonti za aina ya OpenType zenye mikunjo ya PostScript kwa kawaida hupimwa kwa mraba wa vizio 1,000. Za TrueType mara nyingi hutumia 2,048. Tuchukue 1,000. Kama mguu wa n una unene wa vizio 90, miguu yote ikae kati ya 84 na 96. Ukiiacha m iwe 78 na e iwe 110, kila e itakuwa doa jeusi, na mtu aliye upande wa pili wa barabara ataona madoa kabla hajaona neno. La pili ni urefu wa herufi ndogo zisizo na kichwa wala mkia, yaani a, e, m, u na wenzake. Uwe vizio 500 hivi au zaidi kidogo, maana neno la Kiswahili limejengwa kwa herufi hizo na ukizifanya fupi unalififisha neno zima.

Ya kuachia ni matatu. Mstari wa msingi, yaani ule ambao herufi husimama juu yake, unaweza kupanda na kushuka vizio 15 hadi 25. Ukifika 40 neno linaonekana linadondoka. Mwinamo unatosha digrii 2 au 3 kila upande. Upana nao unaweza kutofautiana hata kwa sehemu moja ya kumi kati ya toleo moja la herufi na jingine. Angalia tu kwamba matoleo hayayumbi yote upande mmoja: a tatu zikiwa zote zimepanda juu ya mstari, basi neno lenye a nyingi, na ndiyo mengi, litaelea juu ya majirani zake.

Kutoka karatasini hadi kwenye faili

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, hunyonya wino wa makapeni na kuufanya utambae pembeni. Tumia ya gramu 160 yenye uso laini. Chora mistari minne ya penseli: juu ya herufi kubwa, juu ya herufi ndogo, mstari wa msingi, na mwisho wa mkia. Ukichora herufi kubwa kwa urefu wa milimita 35 ukiwa umekusudia ziwe vizio 700, kila milimita moja ni vizio 20, kwa hiyo mstari wa vizio 90 unahitaji kalamu yenye ncha ya milimita 4.5. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kununua kalamu. Kalamu nyembamba inayonenepeshwa baadaye ndani ya programu hupoteza ncha zake, na ncha ndizo zenye mkono.

Usichore alfabeti moja moja kutoka A hadi Z. Herufi inayochorwa peke yake hupiga pozi. Inayochorwa ndani ya neno huelewana na jirani zake. Jaza kurasa kwa maneno: maandazi, kahawa, wanawake, kikombe, jogoo, pweza, ng'ambo, mchwa, lililolala, nyuzinyuzi, shaghalabaghala. Kisha chagua. Chukua a tatu, e, i, o na u mbili mbili, na k, m, n, w mbili mbili pia. Nyingine moja inatosha. Q na X hazitumiki katika maneno yetu, lakini lazima ziwepo kwa ajili ya majina ya watu, ya kampuni na ya bidhaa.

Skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), kwa kijivu, halafu ndani ya programu ya picha ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe tupu. Ukipiga picha kwa simu, herufi za pembeni hupinda kwa sababu ya lenzi na kivuli hula kingo. Ikibidi, tumia zile zilizo katikati ya picha pekee na simu iwe sambamba kabisa na karatasi. Inkscape, ambayo ni ya bure, inageuza picha hiyo kuwa mikunjo, yaani mistari ya kingo inayoshikiliwa na nukta. Hapa ndipo faili nyingi huharibikia. Mashine hufuata kila kinyweleo cha wino, na herufi o inayohitaji nukta 8, nne nje na nne ndani, inatoka na nukta 60 au 200. Ipunguze. Ukitaka kingo zibaki na mkwaruzo kidogo, nukta 16 hadi 24 zinatosha. Nukta zikae kwenye ncha za juu, chini, kushoto na kulia za kila mviringo.

Baada ya hapo herufi huingizwa kwenye FontForge, ambayo nayo ni ya bure, au Glyphs kwa wenye Mac. Kazi kubwa iliyobaki ni nafasi za pembeni. Herufi yenye mguu ulionyooka, kama n, ipewe vizio 60 hivi kila upande. Ya mviringo kama o ipewe 35. Nafasi kati ya maneno iwe 220 hadi 250. Jaribu "nnonoonn", kisha "mama", "kaka", "wawili". Nafasi hizo zikishakaa sawa ndipo urekebishe jozi moja moja, yaani pengo kati ya herufi mbili mahususi. Anayeanza na jozi kabla ya nafasi za pembeni hatamaliza. Jozi zinazotuhusu ni Ta, Tu, Wa, Va, Ya, ka, kw, mw, ny, na zile zinazogusa ritifaa ya ng'.

Herufi zinazoiangusha

Herufi k ndiyo ya kwanza kuiangalia unapofungua fonti ngeni. Katika Kiingereza k haitumiki sana, basi mchoraji huifanya pambo: mguu mrefu unaorushwa mbele, au mkono unaojikunja. Mara moja kwenye bango, inapendeza. Iandike "kikao kikuu cha kikundi" na utapata mateke sita. Fonti kama hiyo ina thamani kwetu ikiwa tu ina k ya pili iliyo tulivu. Z, j na y nazo hukumbwa na jambo hilohilo.

Kisha a na o. Fonti nyingi za mchezo zina a ya duara yenye mguu mfupi, na mguu huo ukiyeyuka, a inakuwa o. "Taka" kwenye pipa inasomeka "toka". "Shaka" inakuwa "shoka". Mguu wa a ushuke hadi mstari wa msingi na uonekane wazi umetoka nje ya duara, angalau vizio 20.

Mtihani wa i na l ni neno "lililolala". Kama nukta ya i imebandikwa karibu sana na mguu wake, au l ni kijiti tupu, utaona uzio wa vijiti na hutaona neno. Nukta iinuliwe vizio 100 kutoka kwenye kichwa cha mguu, na l ipewe kijimkia chini.

Ritifaa ya ng' ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Katika kompyuta kuna alama mbili tofauti: ile iliyonyooka ya kibodi, na ile iliyopinda, U+2019, ambayo programu nyingi huiweka zenyewe unapoandika. Fonti ya mtu binafsi mara nyingi ina ya kwanza tu. Ukiandika ng’ombe, programu haiikuti ile iliyopinda, inaazima kutoka fonti nyingine, na katikati ya herufi za brashi panachomoza kialama chembamba cha Arial. Anayetengeneza aweke zote mbili kwa umbo moja. Halafu aitazame nafasi: ritifaa huacha pengo kubwa kabla ya o, na neno hukatika vipande viwili, "ng'" na "ombe". Punguza vizio 40 hadi 60 kwenye jozi hiyo na kwenye ile ya ritifaa na a.

Kuzizungusha a tatu

Kuwa na a tatu ndani ya faili hakutoshi. Lazima fonti ijue lini itumie ipi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waholanzi Erik van Blokland na Just van Rossum walitengeneza Beowolf, fonti iliyoiagiza printa isogeze nukta za herufi upya kila ilipoichapa, hivyo hakuna herufi iliyorudi sawa. Mifumo ya leo haitoi uhuru huo. Kinachotumika ni kanuni za OpenType zinazoitwa calt: badilisha herufi kulingana na majirani zake.

Kwa Kiswahili kanuni inayofanya kazi ni hii. Kila inapofika kwenye a, fonti itazame nyuma nafasi nne. Nne, kwa sababu konsonanti tatu zinaweza kukaa kati ya a mbili, kama katika "pangwa". Ikikuta a ya kwanza, iweke ya pili; ikikuta ya pili, iweke ya tatu; ikikuta ya tatu, irudi kwenye ya kwanza. Mpangilio wa kanuni ndiyo siri yake: ya kutazama karibu iandikwe kwanza, ya mbali mwisho, maana fonti huchukua kanuni ya kwanza inayolingana na kuacha nyingine. Rudi kwenye MAANDAZI. A ya tatu ina A ya pili nafasi tatu nyuma yake, na A ya kwanza nafasi nne nyuma. Ukiwa umeanza na kanuni ya mbali, fonti itaiona A ya kwanza, itaweka toleo la pili, na utakuwa na nakala mbili za toleo la pili katika neno moja. Matoleo mawili tu hayatoshi, kwa kuwa "kahawa" itatoka moja, mbili, moja, na mwendo huo wa kupokezana unaonekana.

Ujue pia mahali ambapo kanuni hizi zinafanya kazi. Vivinjari vya intaneti huziwasha vyenyewe. Microsoft Word huziacha zimezimwa: fungua dirisha la Font, kichupo cha Advanced, uweke alama kwenye Use Contextual Alternates. Programu nyingi za usanifu za simu hazizijui kabisa. Kwa hizo, tafuta fonti ya herufi kubwa tupu ambayo nafasi za herufi ndogo zimewekwa umbo la pili la herufi kubwa. Ukiandika MAaNDAZI, A mbili zilizo pamoja zinatofautiana. Ifanye kwenye picha au bango la kuchapwa tu. Kwenye tovuti, anayenakili maandishi hayo ataikuta ile a ndogo katikati ya neno.

Mahali pake

Inafaa jalada la kitabu cha watoto, lebo ya juisi au achari, bango la tamasha, menyu ya mgahawa kwa vichwa vyake, chati ya darasani, stika, fulana. Haifai tanzia, onyo la umeme, maelekezo ya dawa, fomu wala mkataba. Na namba zote zinazohusu pesa au mawasiliano, yaani bei, simu, namba ya kulipia, ziandikwe kwa fonti tulivu kama Noto Sans. 1 na 7 zilizochorwa kwa madaha hufanana, 3 na 8 pia, na mteja akikosea tarakimu moja pesa inaenda kwa mtu mwingine.

Kama unachohitaji ni kibao kimoja tu cha duka, mwite mchora mabango. Miji yetu bado ina mafundi wa kweli wa kazi hiyo, na kibao chao kitakuwa na uhai ambao fonti inauiga. Fonti inastahili pale neno litakaporudiwa: pakiti elfu moja, mfululizo wa vitabu, matangazo ya kila wiki yanayobadilika.

Urefu wa maneno yetu nao uamue chaguo. "Tunawakaribisha" lina herufi 15. Kwenye karatasi ya A3 iliyosimama, yenye upana wa milimita 297, ukiacha milimita 20 kila upande unabakiwa na 257. Fonti ambayo herufi zake zina upana wa wastani wa vizio 550 itaingia kwa ukubwa wa pointi 88 tu. Nyembamba, yenye wastani wa 350, itafika karibu pointi 139 kwa neno lilelile. Kwa mabango ya Kiswahili, fonti nyembamba na ndefu hushinda karibu kila mara. Kwa kibao cha kusomwa kutoka mbali, wachora mabango huhesabu sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kwa herufi za mchezo ongeza theluthi.

Kabla ya kuchapa

Fonti zenye mikwaruzo mingi hutesa mashine ya kukata stika. Kisu husimama na kugeuka kwenye kila nukta, vinili inachanika, na anayeng'oa mabaki anang'oa na vipande vya herufi. Kwa kazi hiyo chagua fonti yenye kingo safi. Kwenye fulana za kuchapwa kwa skrini, mistari myembamba chini ya nusu milimita hufifia au huziba. Kwenye kofia na sare za kudarizi, chini ya milimita moja uzi haukai.

Leseni isomwe kabla ya muundo kuanza. Fonti iliyoandikwa kuwa ni bure kwa matumizi binafsi haikuruhusu kuiweka kwenye bidhaa unayouza, na lebo ya achari ni bidhaa. Zile zenye leseni ya SIL Open Font License zinaruhusu biashara, kuzibadilisha na kuzisambaza, mradi usiiuze fonti yenyewe peke yake na toleo ulilolibadilisha libaki na leseni hiyohiyo. Maana yake ni kwamba ukipata fonti nzuri ya leseni hiyo isiyo na ritifaa iliyopinda au k tulivu, unaweza kuifungua kwenye FontForge na kuichorea mwenyewe. Kama mwenye fonti amelihifadhi jina lake, toleo lako lipe jina jingine.

Na unapompelekea mchapaji faili, geuza maandishi yawe mikunjo kwenye nakala ya kuchapwa, kwa kuwa kompyuta yake haina fonti yako na itaweka nyingine bila kukuuliza. Nakala yenye maandishi ya kawaida ibaki kwako. Bei ya maandazi itapanda, na utahitaji kuibadilisha.